"The list of beneficiaries" ni was ao were? Munisaidie

Mwana_Himbi
Habari zenu wote. Hapa kazini tunabishana tangu asubuhi. Kwa rapoti ya distribisyo kuko sentensi "The list of beneficiaries were verified", sasa kolegi mumoja anasema weka was, mwingine anasema hapana, acha were, juu beneficiaries ni batu wengi na lile neno liko pale pale karibu na verbu. Mimi nilisomea Frans, Kiingereza nilikifunzia kazini tu. Nani ako na haki?

Yaya_Kadutu
Was. Mdogo wangu, usiangalie neno lenye liko karibu na verbu. Uliza nini ilikaguliwa? Liste. Hata kwa Kiswahili chetu unasema "kitunga ya ndizi iko huku", hauseme "ziko" eti juu ndizi ni mingi, unafwata kitunga. Ile "of beneficiaries" uifute kwanza kwa kichwa, usome "The list was verified", kisha uirudishe mahali yake. Hata bakuandikie "The list of beneficiaries from the three sites", bado ni was.

Birere243
Kweli, lakini yaya usimuache hapo, kesho atakutana na number na atapotea. "The number of households has increased" ni has, ile hesabu moja njo inapanda. Lakini "A number of households have left" ni have, juu a number of hapo ni kusema wengi tu. Kale ka the na a njo kanageuza yote, na rapoti zetu zimejaa hiyo number.

Mama_Ndosho
Na mitego ya Frans je? La police est là, Frans inaihesabu kama kitu kimoja, lakini Waingereza banasema "The police are here", kama batu wengi. Les informations tunaweka s bila shida, Kiingereza kinakataa, ni "The information is correct". Halafu news iko na s na bado ni "The news is good", ile inanichokeshaka kabisa.

Mwana_Himbi
Aksanti sana mama, aksanti yaya. Basi "One of the children have fever" nayo iko mbaya?

Yaya_Kadutu
Mbaya. Mumoja njo ako na homa, "One of the children has fever". Each na everybody vilevile, has.

Birere243
Neither… nor, angalia ya mwisho: "Neither the chief nor the agents were present". Geuza uanze na agents, itakuwa was.

Mwana_Himbi
Na data?? Chef anaandikaka data are, mimi naona data is kila fasi

Mama_Ndosho
Zote zinapita. Batu ya siyansi banapenda are, wengine wengi banasema is. Fwata ya chef, lakini usichanganye mbili mu rapoti moja.