Efekti za sauti: kulipia maktaba, kupakua za bure au kurekodi mwenyewe?

Mtemi_wa_Bahi: Wakuu habari za jioni. Naediti filamu fupi tuliyoipiga Bahi. Mazungumzo yako safi, nimebakiza mvua, radi, ng'ombe, milango na ngumi. Nilipie maktaba ya sauti ya mtandaoni kwa mwezi, nipakue za bure kwenye tovuti ya Freesound, au nirekodi mwenyewe? Jumatatu nataka niwe nimeamua.

Msanii_Nkuhungu: Mkuu, hujasema kazi inakwenda wapi wala una bajeti gani. Tutakushauri vipi?

fundi_maiki: Na una kinasa sauti gani? Simu haiwezi upepo wa Dodoma.

DadaKizota: Soma leseni ya kila faili. Freesound zipo zisizo na sharti, zipo za kumtaja aliyerekodi, na zipo zisizoruhusiwa kwenye biashara. BBC nao mwaka 2018 walifungua sauti zaidi ya 16,000, ila bure ni kwa matumizi binafsi, elimu na utafiti. Ya biashara unalipia.

Nasema kwa uchungu. Tulimpa mhariri mmoja tamthilia yetu, akaja na flashi imejaa milio, haijulikani imetoka wapi. Kituo cha runinga kilipotaka maelezo ya haki za kila sauti, hakuwa na hata moja. Ikabidi tuzitoe. Kumbe alishaunganisha milio na mazungumzo pamoja, na faili za mwanzo amefuta! Waigizaji wakaitwa upya kurudia maneno, mmoja keshahamia Mwanza. Nauli yetu, studio yetu, na mhariri hapokei simu.

fundi_maiki: Pole dada. Mimi za maktaba sizipendi hata zikiwa halali, kila mtu anazo. Ukelele wa Wilhelm, ile sauti ya mtu anayepiga yowe, ulirekodiwa 1951 kwa ajili ya filamu ya Distant Drums, fundi wa sauti Ben Burtt akauweka Star Wars 1977, leo umo kwenye mamia ya filamu. Anayeujua akiusikia, hadithi inamtoka.

Msanii_Nkuhungu: Napinga. Kwa mafundi wa sauti ukelele ule ni salamu. Radi iliyorekodiwa kwa Frankenstein ya 1931 ilitumika miongo na miongo. Mtazamaji wa Chamwino anataka radi imshtue, basi.

fundi_maiki: Radi sawa, ndege je? Filamu za Tarzan ziliweka mlio wa kookaburra, ndege wa Australia, ndani ya misitu ya Afrika! Pakua "asubuhi shambani" uletewe ndege wa Ulaya, uone kama mzee wa Bahi hatagundua.

Mtemi_wa_Bahi: Asanteni. Inaanzia YouTube, halafu kuna kituo cha runinga kimeonyesha nia. Bajeti ya sauti ni laki mbili. Kinasa sauti nitaazima Zoom H1n.

DadaKizota: Runinga ndiyo ungeanza kuitaja, kaka! Fungua daftari leo: jina la faili, ilikotoka, leseni.

fundi_maiki: Ng'ombe na milango rekodi alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na maiki uivishe manyoya ya kuzuia upepo. Ngumi piga kwenye nyama mbichi.

Msanii_Nkuhungu: Radi alipie tu, asipoteze muda.

Kijana_Mpwapwa: Samahani wadau, nani ana mvua ya kwenye bati? Huku mpaka Desemba.

DadaKizota: Ninayo ya Januari, ila mbwa wa jirani anabweka katikati.

Kijana_Mpwapwa: Mbwa pia namtafuta, nina sini ya wezi. Nakufuata inbox.