Fundi kaunguza baiskeli yangu ya umeme, halafu ananiambia "pedeli si zipo?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule wa Gerezani, miwani kwenye paji la uso, soda haimtoki mkononi.

Baiskeli yangu ina mota ya gurudumu la nyuma, volti 36, wati 350. Mwisho wake kilomita 25 kwa saa. Nilitaka 35 tu, nimechoka kupitwa Morogoro Road na watu wamebeba magunia ya mkaa. Akasema tubadili betri, tuweke ya volti 48, "utapaa". Laki nne nikatoa. Akaninginiza gurudumu hewani, akabana akseleta, skrini ikasoma 46! Watu wakashangilia.

Napandisha Ubungo kwenda Kimara, PA! Moshi, harufu ya nywele zinaungua. Gurudumu likawa zito kama limefungwa kamba. Nimeisukuma mpaka viatu vimeniomba talaka.

Leo namrudishia, pale pana wateja watano. Hajainua hata kichwa. "Mzee, pedeli si zipo?" PEDELI SI ZIPO! Laki nne yangu, mbele za watu, pedeli si zipo!

Kichwa_Maji: Kwani hazipo?

Nyaya_Tatu: Mkuu, kontrola, kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye mota, alibadilisha? Betri ya 48 ikijaa inafika 54.6. Kontrola nyingi za 36 zina kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, za mwisho volti 50. Fungua, utakuta zimevimba vichwa. Na hiyo 46 ni ya hewani, haina mzigo wala upepo. Barabarani sahau.

Mleta uzi: Hakubadilisha! Kafunga betri, kala hela, kaniambia pedeli si zipo!

Nyaya_Tatu: Ule uzito ni transista za kontrola, yaani swichi zake za umeme, zimeshorti, mota imegeuka breki. Ungechomoa zile nyaya tatu nene za mota, njano, kijani na buluu, ungekanyaga hadi nyumbani.

Kichwa_Maji: Kumbe fundi alikuwa sahihi, pedeli zilikuwepo 😂😂

Bi_Shangazi: Huyo mbona afadhali. Wa kwangu kaongeza volti, hajafunga kile chuma cha kushikilia ekseli. Ekseli ikazunguka kwenye fremu, ikakata nyaya, gurudumu likachomoka. Nimeshonwa nyuzi sita kidevuni. Nikimpigia anasema yuko msibani tangu mwezi wa tatu.

Dogo_wa_Tandale: Picha ya moshi iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mleta uzi: Dogo, nipige picha huku naungua? Turudi kwenye hoja: mtu mzima anamwambiaje mteja pedeli si zipo?

Jirani_wa_Mbezi: Nyie mna baiskeli. Mimi bodaboda ya umeme, chaji imefika nusu umeme umekatika, nimekosa abiria asubuhi nzima.

Bi_Shangazi: Usinikumbushe, jana kwetu saa tano usiku mpaka alfajiri. Samaki wote kwenye friji wameharibika.

Jirani_wa_Mbezi: Samaki gani dada?

Bi_Shangazi: Changu, kilo nne, za Feri.

Kichwa_Maji: Changu wa Feri siku hizi kilo bei gani?

Mleta uzi: JAMANI PEDELI

Dogo_wa_Tandale: Shangazi, wakikaangwa na ndimu nyingi harufu inaisha, tuma lokesheni.