Eti "KUNA KINYOTA"! Yule wa jedwali amenivua nguo hadharani

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira, shule nilienda.

Mnamjua. Msiniulize jina, wote humu mnamjua. Yule wa jedwali. Kamera ikitangazwa asubuhi, mchana ameshaipanga kwenye safu zake za kulinganisha kamera, vema za kijani huku, mikasi myekundu kule, na ile sauti yake ya mtu anayesoma wosia. Huyo huyo.

Leo asubuhi amenijibu. Maneno mawili. "Kuna kinyota."

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nachagua kati ya kamera mbili zisizo na kioo ndani (wanaziita mirrorless), na nilitaka ya video hasa. Miezi mitatu nimelala na lile jedwali, nimeamka nalo, ningeulizwa usiku wa manane ningelitaja kwa kichwa. Kamera ya kwanza: 4K, fremu 30 kwa sekunde, upana wote wa sensa (sensa ya kamera, siyo ile ya kuhesabu watu). Ya pili: 4K, fremu 60, vema ya kijani inawaka kama taa ya kuruhusu magari. Mimi na hesabu zangu za darasa la pili nikaona 60 ni kubwa kuliko 30. Nikabeba ya 60.

Jumamosi harusi ya binamu yangu. Chumba kidogo, watu wamejaa hadi dirishani. Nimefunga lenzi ya milimita 24, nimejaribu upande wa picha za kawaida, wote wameingia: bibi harusi, bwana harusi, wazazi, maua, nafasi imebaki. Nikahamia video. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Picha ikanirukia usoni.

Nikadhani nimegusa zumu. Lenzi yenyewe haina zumu! Nikarudi nyuma hatua moja, bado. Hatua ya pili, bado. Ya tatu mgongo ukagusa ukuta na kisigino kikakanyaga waya wa spika. Na bwana harusi, wakuu, akabaki kiwiko. Sisemi nusu uso. Sisemi bega. Kiwiko. Dakika 11 za viapo bibi harusi anatoa machozi ya furaha akikiapia kiwiko, na kiwiko kinajibu "ndiyo". Nikisogeza kamera kulia nampata bwana harusi mzima, bibi harusi anabaki pua na shada. Nikachagua bibi harusi, maana mama yake alikuwa ananiangalia.

Jana shangazi kaangalia video hadi mwisho akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu mwanamume alifika lakini?"

Ndipo nikaenda kwenye chaneli ya yule bwana. Niliandika kwa adabu. Nilianza na "kaka". Niliweka "asante kwa kazi nzuri". Nikasema, kaka, hukututajia kwamba kamera hii ukiiweka 4K fremu 60 inakata picha pembeni.

"Kuna kinyota."

Hakusema pole. Hakusema hata nyota, kasema kiNYOta, kakidogosha kama mimi ndiye niliyekuwa mkubwa sana kukiona. Na akaweka nukta mwishoni! Halafu akaibandika juu kabisa ya komenti zote, kila anayeingia anapokelewa na mimi na kiwiko changu. Mara ya mwisho nimechungulia, watu 412 walikuwa wamecheka. Mmoja ni fundi wangu wa simu.

Nikarudi kwenye jedwali. Nikakuza. Nikakuza tena. Kipo. Ni kweli kipo, kidogo kuliko alama ya inzi kwenye pazia, kijivu juu ya kijivu. Kinakupeleka chini, unapita betri, unapita uzito, unapita urefu wa mkanda wa shingoni, unafika mahali hata yeye hajawahi kufika, pameandikwa: "*hukata 1.56".

Hukata nini? Nywele?

Miezi mitatu ya maisha yangu. Kuna kinyota. Sitaki ushauri, nataka mnisaidie kukasirika.

Betri_Moja: Siti ya mbele. Tuendelee.

MzeeWaTripodi: Pole kijana. Hongera kwa binamu, kiwiko kinaonekana kimetoka familia nzuri.

Fremu25: Chai hii. Miezi mitatu unasoma jedwali hukufika mwisho wa ukurasa?

Mleta mada: Mkuu, wewe ukiweka programu mpya kwenye simu unasoma masharti yote kabla ya kubonyeza "nakubali"? Tuheshimiane.

Fremu25: Mimi sijamrekodi mtu akifunga ndoa na kiwiko.

Dada_Lenzi: Simtetei yule bwana, dharau anayo toka zamani, ila hiyo 1.56 haikudondoka mbinguni. Sensa yako bila shaka ni ya megapikseli 24, upana wake nukta 6000. 4K inahitaji nukta 3840 tu. Gawa 6000 kwa 3840 uone unapata ngapi. Ukiweka fremu 30, kamera inasoma upana wote halafu inaubana uwe 4K, ndiyo maana picha inatoka kali. Ukiweka 60, kazi imekuwa mara mbili, haiwezi kusoma zote kwa kasi hiyo, inachukua za katikati inakutupia. Lenzi yako ya 24 ikawa inaona kama ya 37 na ushee. Zaidi ya theluthi ya upana imeliwa. Na bwana harusi akiwamo.

Dada_Lenzi: Swali dogo tu. Uliwasha na kile kitulizaji cha elektroniki?

Mleta mada: Niliwasha vyote. Vilikuwa na vema.

Dada_Lenzi: Yesu. Hicho nacho kinakata. Kinahitaji nafasi pembeni ya kuyumbisha picha isiyumbe. Cha kutikisa sensa yenyewe ndani ya mwili wa kamera hakikati, cha elektroniki kinakata. Hapo ulikuwa unarekodi harusi kupitia tundu la ufunguo.

MzeeWaTripodi: Tripodi haikati kitu. Nasema tu.

Fremu25: Mimi naomba kueleweshwa, viapo vya fremu 60 ni vya nini? Ukija kuvichezesha kwa 24 unapata mwendo wa pole mara mbili na nusu. Ulitaka bibi harusi aseme "ndiiiiiiyooooo"?

Mleta mada: Nilikuwa nawaza pale wanaporusha maua!

Fremu25: Sasa si ungeweka 60 wakati wa maua, 30 wakati wa viapo? Ni kitufe kimoja hicho.

Mleta mada: SIKUJUA KUWA 60 NDIYO INAYOKATA. KWA SABABU KILIKUWA KINYOTA.

Moshi_Mweupe: Mleta mada ana kiwiko anapiga kelele, mimi nifanyeje? Jedwali lile lile, mtu yule yule, mstari wa "muda wa kurekodi": BILA KIKOMO. Vema ya kijani. Nikaenda kurekodi mhadhara, dakika ya 22 kamera ikaniandikia kwenye skrini ina joto, ikajizima. Profesa anasema "na sasa nafika kwenye jambo kuu", kamera ikafa kifo cha ghafla. Nikaipepea na karatasi za maswali ya wanafunzi. Nikauliza kwa yule bwana. Mnajua alichonijibu.

Betri_Moja: Kuna kinyota 😂😂😂

Moshi_Mweupe: KUNA KINYOTA. "Imepimwa kwenye nyuzi 25." Ukumbi ule ulikuwa na watu 200 na feni mbili za kubembeleza.

Dada_Lenzi: Hilo la "bila kikomo" linawaponza wengi. Zamani kamera za picha zilikuwa zinakata kwenye dakika 29 na sekunde 59, na sababu kubwa ilikuwa ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya: kamera ikirekodi dakika 30 au zaidi mfululizo ilihesabiwa kamera ya video, inalipiwa zaidi. Kwa hiyo "bila kikomo" maana yake hakuna saa inayokuzuia. Joto halijawahi kutia saini. Kagua menyu, baadhi zina kipengele cha kuchagua ijizime kwenye joto la kiwango gani, kiweke juu. Fungua na skrini iachane na mgongo wa kamera ipumue.

Moshi_Mweupe: Asante dada. Profesa amestaafu lakini.

Mleta mada: Jamani pole na joto, ila hii ni mada ya kinyota.

Biti_Nane: Nyie wote mna afadhali. Mimi niliona vema kwenye "logi", ile rekodi inayotoka imefifia ili uipake rangi baadaye, nikasikia logi ndiyo inabeba mwanga na kivuli vyote, nikapiga sherehe nzima kwa logi. Nimempa mteja, kanipigia simu anauliza moto ulianzia jikoni au nje. Video nzima ya kijivu! Nikajaribu kuirudishia rangi, anga likawa ngazi. Ngazi kabisa, bluu ya kwanza, bluu ya pili, bluu ya tatu, unaweza kupanda.

Fremu25: Ulipiga logi kwa biti 8?

Biti_Nane: Ndiyo. Ndiyo maana nilibadilisha jina.

Fremu25: Hapo hata wa jedwali sina cha kumlaumu. Biti 8 kila rangi ina ngazi 256, biti 10 zina 1024. Logi inabana kila kitu katikati, wewe unakuja kukivuta upya, 256 zinaachana mtu anaona kwa macho. Kamera ya biti 8 ipige rangi za kawaida ukalale.

Biti_Nane: Sasa nina ya biti 10. Kodeki (namna ya kubana video) kubwa, megabiti 400 kwa sekunde. Memori kadi imeandikwa V30, maana yake 30 kila sekunde uhakika. Imerekodi sekunde chache ikasimama. Nikarudia, ikasimama. Mteja akadhani nafanya mazoezi.

Dada_Lenzi: Hiyo 30 ni megabaiti (MB), kaka. Megabiti (Mb) 400 gawa kwa 8, unahitaji megabaiti 50. Chukua V60.

Biti_Nane: Nani alibuni b ndogo na B kubwa? Nauliza kwa dhati. Nani alikaa mezani akasema haya mawili tuyape herufi ile ile, moja tuikunje kidogo, waje wateseke?

MzeeWaTripodi: Hapo nakuunga mkono. Waungwana wangeita kimoja Z.

Moshi_Mweupe: Huyu anastahili uzi wake.

Mleta mada: Uzi upo! Huu hapa! Wa KINYOTA!

Waya_Mfupi: Kuna mtu kataja tundu la HDMI ndogo au niwe wa kwanza? Lile jembamba kama pua ya mbu. Waya umeguswa na mtoto mara moja tu, tundu limelegea, sasa monita inaona picha nikiwa nimeshikilia waya kwa kidole gumba na nimeziba pumzi. Kwenye jedwali: "HDMI", vema ya kijani. Hakuna hata kinyota!

Dada_Lenzi: Linganisheni matundu, wakuu, nasema kila siku. HDMI kubwa, tundu la maiki, tundu la hedifoni. Watu wanapigana kwa fremu halafu wanarekodi sauti wasiyoisikia.

Mgeni_Hapa: Samahani wakuu, simu yangu inarekodi 4K 60 na haikati. Inatosha kwa harusi?

Fremu25: Mtupe nje huyu.

MzeeWaTripodi: Muache kijana. Bwana harusi wake ataonekana.

Mleta mada: Sawa. Sawa mzee. Nimeisoma hiyo.

Biti_Nane: Dada Lenzi, hiyo V60 nikija kupiga ile kodeki ya megabiti 600 itanitosha?

Dada_Lenzi: 600 kwa 8 ni 75. V60 inakuhakikishia 60. Hapo ni V90, na uangalie kamera yenyewe inasemaje, nyingine kasi ya juu kabisa hazirekodi kwenye kadi za SD kama hizo, zinataka kadi za CFexpress.

Waya_Mfupi: Na CFexpress nazo ziko aina A na aina B, na haziingiliani. Nimejua baada ya kununua.

Biti_Nane: B TENA??

Betri_Moja: Nimerudi, chaji iliniishia. Nani alikuwa na kiwiko?

Biti_Nane: Achana na kiwiko, hii B ya CFexpress ni ndogo au kubwa?