Wifi ifike bandani mita 650 kutoka nyumbani, antena ya dBi 15 imeshindwa, nifanyeje?

Mama_Vifaranga (Muheza)
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Nyumba yangu iko kilimani, 4G inashika vizuri tu, ruta ya laini iko dirishani na haina shida. Shida ni banda la kuku, liko bondeni, nimepima kwenye ramani ya simu ni mita 650 hivi, na kule netiweki hakuna kabisa hata kupiga simu mpaka upande juu ya kichuguu. Mwezi uliopita wameniibia kuku 40 usiku mmoja na kijana anayelinda hakuweza kunipigia, nimeumia sana. Nataka niweke kamera 2 na kijana awe na WhatsApp.

Nikaenda duka moja mjini wakaniuzia antena ile fimbo nyeupe ndefu ya dBi 15, wakasema inapiga kilomita 2. Fundi kaifunga juu ya paa akashusha waya mweusi mwembamba mita 10 mpaka kwenye ruta. Nikitembea na simu inafika kwenye michungwa ya jirani, mita 80 hivi, inakata, yaani palepale pa zamani. Na kinachonichanganya, hapo kwenye michungwa simu inaonyesha vijiti viwili lakini WhatsApp haifunguki. Ninunue kubwa zaidi au nimeibiwa?

fundi_minara (Tanga)
Pole sana dada kwa kuku. Usinunue kubwa zaidi, ngoja nikueleze kilichotokea maana hili naliona kila siku.

Antena haizalishi nguvu, inachukua ile iliyopo na kuielekeza, kama kioo kilichomo ndani ya tochi. Hiyo fimbo inarusha pande zote kuizunguka, na ili ifikishe hizo dBi 15 (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande inakoelekea) imebidi mawimbi yakandamizwe yawe bapa kama chapati, sasa wewe uko kilimani na banda liko bondeni, chapati inapita hewani juu ya banda. Halafu huo waya. Kama ni RG58, aina ya waya wa antena, na ule mwembamba mweusi mara nyingi ndio wenyewe, kwa 2.4GHz, masafa ya wifi ya kawaida, unakula kama dB 1 kila mita, mita 10 ni dB 10, yaani katika sehemu 10 za nguvu inayotoka kwenye ruta juu inafika 1 tu. Toa 10 kwenye 15 zinabaki 5, na vile vijiti vilivyokuja na ruta mara nyingi ni dBi 5 hizohizo. Ndo maana umerudi palepale.

Hilo la WhatsApp ndo muhimu kuliko yote. Wifi ni mazungumzo, sio redio ya taarifa ya habari. Ruta ikiita simu inasikia, ndo hivyo vijiti viwili, lakini simu nayo lazima ijibu na nguvu yake ni ndogo, antena yake imejificha ndani ya kioo na plastiki, jibu linafia njiani. Hata ungeweka antena ya urefu wa mnazi, simu bado ni ileile.

Dawa yake ni pointi tu pointi. Unanunua vifaa viwili vya nje, kimoja nyumbani kimoja bandani, vinatazamana. TP-Link CPE510 inafaa, au NanoStation Loco M5 ya Ubiquiti, zote dBi 13 na zote 5GHz, yale masafa ya wifi ya juu zaidi. Uzuri wake redio iko ndani ya antena yenyewe, kwa hiyo hakuna ule waya wa kunyonya nguvu, unapandisha waya wa LAN tu, ule wa mtandao, na umeme unapita humohumo. Ukifika bandani unachomeka ruta yoyote ndogo ya kawaida, hiyo ndo simu ya kijana na kamera zitashika. Kwenye hiyo ruta zima DHCP, ile kazi ya kugawia vifaa namba za mtandao, na uchomeke waya tundu la LAN, sio WAN la kuingizia intaneti, la sivyo utakuwa na ruta mbili zinagombea kugawa namba.

Kwa mita 650 kama njia ni nyeupe, yaani hakuna kinachoziba katikati, hesabu inakuja kama -58 dBm (kipimo cha nguvu inayofika, ikikaribia sifuri ndo nzuri zaidi), hiyo ni raha kabisa. Mpaka -65 usiwe na wasiwasi, ukiona -80 kuna kitu kimeziba. Sasa niambie, ukisimama juu ya paa la nyumba unaliona banda?

Mama_Vifaranga
Asante sana kaka umenifungua macho. Paa la banda naliona nusu, kuna mwembe mkubwa upande wa banda unafunika ile nusu nyingine.

Bin_Mwambao (Kilifi)
Dada kama kuna mti mimi ningekwambia chukua za 2.4 badala ya 5, zile CPE210, 2.4 yapenya majani vizuri zaidi. Sisi huku twatumia hivyo toka nyumba ya mzee mpaka dukani na kati kuna minazi, iko sawa.

fundi_minara
Ndugu yangu wa Kilifi ni kweli 2.4 inapenya kidogo zaidi, lakini mnazi sio mwembe. Mnazi una shina na nafasi, mwembe ni ukuta wa majani na majani yana maji ndani, mvua ikinyesha yanakuwa na maji na nje pia, asubuhi ya masika kamera zote zinalala. Halafu 2.4 inataka njia pana zaidi. Watu wanadhani mawimbi yanakwenda kama uzi, hapana, yanakwenda kwa umbo la papai, nchani jembamba katikati limenenepa. Kwa mita 650 pale katikati unene ni kama mita 3 kila upande ukitumia 5GHz, na mita 4 na nusu ukitumia 2.4. Angalau sehemu kubwa ya hilo papai iwe wazi. Bahati yake mwembe uko karibu na banda ambako papai ni jembamba, kwa hiyo akipandisha bomba mita chache au akilisogeza pembeni anaukwepa, hahitaji kuukata.

Na kwa wanaoshangaa kama wifi inaweza kwenda mbali, mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha wifi kilomita 382 kwa ruta za Linksys za kawaida tu walizobadilisha programu. Walitumia madishi makubwa ndiyo, lakini walikuwa mlimani kwa mlimani na katikati hakuna kitu. Njia nyeupe kwanza, dBi baadaye.

Bin_Mwambao
Nimekuelewa mkuu. Basi dada uzingatie waya, usichukue ule wa ndani, jua la huku kwetu laukausha ukapasuka na maji yaingia. Na kabla ya waya kuingia nyumbani uache uning'inie kitanzi kwa chini, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya mpaka kwenye ruta. Mimi ruta yangu ya kwanza ilikufa hivyo.

mzee_wa_sola (Morogoro)
Mwanangu hujasema umeme wa bandani. Kama ni sola piga hesabu mapema. Loco M5 haifiki wati 6, ruta ndogo weka 6, kamera mbili weka 8, jumla wati 20, mara saa 24 ni wati-saa 480 kwa siku. Betri ya maji ya 12V 100Ah ina 1200 lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600, siku moja ya mawingu inapita, ya pili hapana. Paneli usiweke chini ya wati 200. Na hizo Loco zinataka volti 24, betri yako ni 12, utahitaji kile kifaa cha kupandisha volti, usiunge moja kwa moja ukasema kifaa kibovu.

Mama_Vifaranga
Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa nilikuwa nakusanya hela. Nimechukua Loco M5 mbili, bomba la inchi 2 mita 6 bandani, tumelisogeza hatua kama 15 kutoka kwenye mwembe. Tatizo likawa kulenga, maana kule bondeni hakuna simu ya kuulizana "umeniona?", na banda ukiwa mbali ni kama bati moja tu kati ya majani. Mdogo wangu akapata wazo, akapanda ngazi bandani na kioo cha kujitazamia akawa anakigeuza kwenye jua. Mimi niko juu ya paa nyumbani nikaona mmweko mweupe unawaka unazima, nikajua pale pale, nikageuza ya kwangu kuelekea huo mwanga.

Mara ya kwanza ilisoma -79, roho ikaniuma, kumbe tawi moja la mwembe lilikuwa bado limejitokeza mbele. Tumelikata hilo tawi tu, ikaja -62. Betri nimefuata ya mzee, paneli mbili za wati 100, shikamoo mzee na ahsante sana.

Jana saa 8 usiku nimeamka nikafungua simu, nimewaona kuku wamelala kwenye fito na kijana anapita na tochi. Nimemtumia meseji "nakuona", akainua mkono kwenye kamera. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu siku ile.

fundi_minara
Nimefurahi kweli dada, -62 ni nzuri. Sasa lile bomba lifungie waya wa ethi mpaka chini ardhini kabla masika hayajaanza, bomba la chuma limesimama peke yake bondeni radi inalipenda. Na ile fimbo ya dBi 15 ishushe pia, rudisha vijiti vya ruta.

Mama_Vifaranga
Nondo ya ethi nimeshanunua, kesho asubuhi tunaigongelea.