Futurama imerudi mara tatu, ipi ilirudi vizuri zaidi?

Mzee_wa_Katuni: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza kuirudia Futurama yote toka mwanzo, ile katuni ya Kimarekani ya Fry, mpeleka piza aliyegandishwa akaja kuamka miaka elfu mbele, nataka tulijadili hili. Kituo cha TV cha Fox walianza nayo 1999, Jumapili mpira wa Kimarekani ukizidisha muda yenyewe inasukumwa pembeni, 2003 wakaizima. Ikarudi 2007 kwa filamu nne za DVD, 2010 kituo kingine, Comedy Central, wakaichukua mpaka 2013, halafu 2023 Hulu, wale wa kuangalia mtandaoni. Mi kura yangu ni ya 2010. Ile epsodi ya mashine ya muda inayoenda mbele tu, haina rivasi, Fry kapotelea huko na mpenzi wake Leela kabaki, siku Leela anajua kumbe Fry alienda mbele ameshazeeka, anapiga dari ya pango matundu maji yadondoke tone tone, na Fry anafika pale mwaka wa bilioni moja anakuta matone yamejenga barua chini. Kila ikifika hapo nanyamaza. Ilipata tuzo ya TV ya Emmy 2011 na ilistahili kabisa.

binti_wa_sayari: Mbona filamu mnazirukaruka jamani? Mnamkumbuka Seymour, yule mbwa wa epsodi ya 2002 aliyemsubiri Fry nje ya duka la piza miaka 12 mpaka akafumba macho? Niliiona kwenye kompyuta ya kaka, nililia mpaka mama akaja kuuliza kuna msiba wa nani. Ile filamu ya kwanza, Bender's Big Score, ndo ikaja kuonyesha kumbe kulikuwa na Fry mwingine aliyerudi nyuma akaishi na huyo mbwa. Nilishusha pumzi.

Kanda_Mbili: Dada samahani, hapo ndipo walipoharibu. Ule uchungu ulikuwa wa kweli, ukishaniambia mbwa alikuwa na mtu wake siku zote basi umeninyang'anya machozi yangu. Mi niko na Mzee, 2010. Ile ya kubadilishana miili, mwandishi wake Ken Keeler ana PhD ya hesabu, akatunga uthibitisho mzima kwamba hata watu wavurugane vipi, ukiongeza wawili wapya kila mmoja anarudi kwenye mwili wake, na ukaonyeshwa ubaoni. Nilisimamisha video nikaunakili kwenye daftari.

nyota_ya_jioni: Ya 2023 nayo msiionee. DiMaggio, anayemwigizia sauti roboti Bender, mwanzoni alikataa kusaini, mi nikawa na wasiwasi kweli maana Bender mwenye sauti nyingine si Bender, akarudi Machi 2022. Kinachoniudhi ni utani wa bitikoini na chanjo, unachacha haraka, wakati zile za Fox ukiziangalia leo ziko vilevile.

Mzee_wa_Katuni: Umenena nyota. Kingine ni ule mwisho wa 2013, muda umesimama dunia nzima, Fry na Leela peke yao wanatembea mpaka wanazeeka, ndo Profesa, yule bosi wao mvumbuzi, anatokea, anaweza kuwarudisha ila watasahau yote. Fry anamuuliza Leela kama yuko tayari kuanza tena, anakubali. Hulu wameanzia hapohapo, ila wakapita mbio mno, mi ningetaka tukae pale kidogo.

binti_wa_sayari: Basi hiyo ya 2013 naiweka leo usiku, mdogo wangu hajawahi kuiona. Ila filamu zangu siachi.