Naomba ushauri: baba mkwe anahifadhi kwa moyo maandiko ya kale ya Kichina ili kutunza kumbukumbu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeolewa Guangzhou, na baba mkwe wangu ana miaka 76. Tangu mwaka jana anasahau majina ya watu na mahali alipoweka miwani, ndipo rafiki yake akamshauri ahifadhi Daodejing, kitabu cha kale cha hekima ya Kichina chenye sura 81 na herufi zipatazo 5,000. Kila alfajiri huisoma sura nzima mara kumi huku kidole kikifuata herufi, lakini akishafunga kitabu mstari wa tatu humpotea, mkono ukabaki juu ya kikombe cha chai, na siku nzima hana raha. Nimwache aendelee hivyo, au kuna njia iliyo bora?

Mchangiaji wa kwanza
Pole, dada. Sisi tuliopita chuo cha Qur'ani tunajua kwamba kinachokaa kichwani ni kile ulichomsomea mwalimu kwa ghibu, si kile ulichokisoma mara kumi ukiwa unatazama. Mzee aanze na Qianziwen ya Zhou Xingsi, utungo wa karne ya 6 wenye herufi 1,000 katika mistari 250 ya herufi nne nne, tena una vina. Ahifadhi mistari minne, afunge kitabu mapema, na akikwama atajiwe herufi moja tu. Kesho airudie, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ikiwa lugha ya nyumbani ni Kikantoni, yaani Kichina cha huko Guangzhou, asome kwa Kikantoni. Atakapofika kwenye mashairi ya enzi ya Tang atafurahi, kwa sababu Kikantoni kimehifadhi miisho ya maneno ya p, t na k iliyotoweka katika Kimandarini, Kichina rasmi cha leo, na vina vingi husikika vizuri zaidi.

Mchangiaji wa pili
Mimi ni muuguzi, na naunga mkono, ila tusimpe mzee matumaini yasiyo yake: atakuwa hodari wa anachokihifadhi, lakini huenda miwani ikaendelea kupotea. Apimwe pia. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, baadhi ya dawa za usingizi na hata usikivu hafifu huweza kuleta usahaulifu, na mengi kati ya hayo yana tiba.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana. Miadi ya daktari ni Jumatatu. Leo kitabu nilikishika mimi; alikwama mstari wa pili, nikamtajia herufi moja, akaendelea hadi wa nne, kisha akanipokonya kitabu na kuniambia sasa ni zamu yangu.