Mafundi wa Tabora, fisha ya tofali (kile kiplastiki kinachopokea skrubu ukutani) haishiki kwenye jipsamu! Nani atanilipa hasara hii?

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi na leo nimeshindwa kunyamaza.

Nina saluni ya kunyolea maeneo ya Kanyenye, hapa Tabora mjini. Fremu ilikuwa moja kubwa, mwenye nyumba akaikata katikati kwa ukuta wa jipsamu, upande wa pili yupo dada wa cherehani. Jumamosi saa kumi na moja jioni spika ya kushoto iling'oka kwenye ukuta huo ikaangukia kiti cha pili. Dakika mbili kabla ya hapo kiti kilikuwa na mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nimemaliza kumnyoa, nimemfuta shingo, ameshuka kaenda kwa mama yake mlangoni, mimi natafuta chenji. Mkono wa kiti umekatika, na ni wa chuma. Sasa ninyi pigeni hesabu ya kichwa cha mtoto.

Mama wa watu alimbeba mwanawe akaondoka bila kusema neno, wala chenji hakuchukua. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Hizo spika sikufunga mwenyewe. Nilimwita fundi, mtu anayejulikana mjini, jina silitaji. Nikamwambia kabisa, "Fundi, huu ukuta ni jipsamu, utabeba kweli?" Akaugonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, akasema, "Bosi, ondoa wasiwasi, fisha hizi zinabeba hata tanki la maji." Elfu arobaini nikamlipa. Nakumbuka drili ilivyozama, sekunde moja tu imetokea kwenye uwazi wa ndani ya ukuta, na vumbi jeupe likamwagika sakafuni kama unga wa sembe. Kwenye tofali drili inalia, unaegemea na bega ndipo inaingia. Yule fundi aliliona vumbi lile, na aliisikia drili yake ikipita kwenye hewa. Akaendelea kugongelea fisha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana kutojua ningemsamehe.

Spika ilipoanguka niliiokota na breketi yake, kile chuma kinachoishikilia ukutani. Fisha zote nne zilikuwa bado zimevaa skrubu, nzima, hazina hata mkwaruzo, kila moja imezungukwa na kipande cha karatasi kama kola ya shati. Hazikukatika wala kuteleza. Zimebomoa ukuta zikatoka nao. Tundu lililobaki ni pana kama sahani, ukichungulia unaona mgongo wa ubao wa upande wa dada wa cherehani, na katikati hakuna kitu.

Jipsamu ni unga wa jasi uliogandishwa katikati ya karatasi mbili. Ni jasi ileile inayochimbwa Itigi, tunapita hapo na treni tukienda Dodoma. Ubao wa ukutani una unene wa milimita 12 hivi. Fisha ya namba 8 ina urefu wa sentimita 4. Maana yake zaidi ya nusu ya fisha inaning'inia hewani! Fisha imetengenezwa ili skrubu ikiingia ipanuke na kubana zege au tofali pande zote. Kwenye jipsamu hakuna cha kubana, ikipanuka inasaga unga, na tundu linazidi kulegea kila siku.

Spika niliipeleka kwenye mzani wa muuza mchele jirani: kilo 17 na nusu, moja tu. Na haikulala ukutani kama picha, ilikaa kwenye mkono wa breketi, kitovu chake kama sentimita 25 kutoka ukutani. Skrubu za juu na za chini zimeachana sentimita 12. Mzigo ukikaa hivyo, zile za chini zinasukumwa ndani, za juu zinavutwa nje, na mvuto huo ni kama kilo 36, zaidi ya mara mbili ya uzito wa spika yenyewe. Ongeza besi inayotikisa kutwa nzima.

Nimempigia fundi simu. Unajua kanijibu nini? "Bosi, wewe ulifungulia besi sana." Kwa hiyo nimenunua spika nizitazame? Alijua ni saluni, alikuta muziki unapiga siku anafunga, akaomba mpaka tumwekee wimbo anaoupenda! Leo besi imekuwa kosa langu. Mara ya pili simu haipokei.

Jumapili nikachomoa sumaku kwenye kispika kibovu nikaipitisha ukutani taratibu. Ikanasa. Nikashuka chini kidogo, ikanasa tena, na tena, mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Ni vichwa vya skrubu zilizoshikilia jipsamu kwenye nguzo ya ndani. Nguzo ya pili nimeikuta sentimita 60 mbele. Nikapima kutoka nguzo ya kwanza hadi tundu lililo karibu la yule fundi: sentimita 11. Kiganja kimoja! Mtoto wa watu alikuwa auawe kwa sababu ya kiganja kimoja na uvivu wa kutafuta nguzo.

Na hata kama breketi haikuangukia kwenye nguzo, dawa ipo. Unachukua ubao wa mti unaofika nguzo mbili, unaukaza kwa skrubu kwenye nguzo zote mbili, halafu breketi unaifunga kwenye ubao. Nguzo zangu ni za bati jembamba, kwa hiyo zinataka skrubu za bati, tena nyingi, siyo msumari. Tabora hii ya mninga, fundi anakosa ubao wa mita moja?

Najua wapo watakaosema ningetumia fisha za kipepeo, zile zinazofunguka kwa nyuma ya jipsamu. Ni afadhali, kwa kioo au kabati dogo sawa. Lakini bado zinavuta karatasi na unga uleule, na uzito ulioandikwa kwenye pakiti haukupimwa na spika inayotetemeka kwenye mkono mrefu. Mimi kichwani kwa mteja sitaweka.

Spika zote sasa ziko chini kwenye stendi, zinakula nafasi ya kiti kimoja, na kiti kingine ndicho hicho kibovu. Nadai elfu arobaini yangu na gharama ya mkono wa kiti, basi. Kama yule fundi anasoma hapa, anajijua. Na kama kuna mtu hapa Tabora aliyefungiwa na yeye kitu kizito kwenye jipsamu, spika au tivii, leo hii pitisha sumaku. Ukikuta hakuna nguzo nyuma ya breketi, ishushe kabla hujalala.

Tundu sijaliziba. Anayebisha aje aone, nipo hadi saa tatu usiku.